Lofti inauzwa Kilimani: Mambo ya kukagua kabla ya kutoa hata shilingi

Picha kwenye tangazo ni tamu. Dari iko juu mara mbili ya nyumba ya kawaida, dirisha la kioo limeanzia sakafuni, ngazi nyembamba ya chuma inapanda hadi kitandani, na nje taa za Nairobi zinawaka. Chini ya picha kuna maneno matatu, "Lofti inauzwa, Kilimani", kisha bei yenye sufuri nyingi.

Anayeiona kwenye simu akiwa ndani ya matatu anaweza kudhani kazi iliyobaki ni kutafuta pesa tu. Lakini pesa ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni kujua unauziwa nini hasa, na kama anayekuuzia ana haki ya kuuza.

Kwa wanunuzi wengi hiyo ni akiba ya miaka kumi au zaidi, au mkopo wa benki utakaolipwa hadi uzeeni. Ikiingia pabaya, kuirudisha ni kesi ndefu.

Kwa ufupi

- Tangu Desemba 2020, sheria ya Kenya inamruhusu mwenye nyumba ya ghorofani kupata hatimiliki yake mwenyewe, si karatasi ya upangaji tu.
- Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, na anayelipa ni mnunuzi.
- Dari ndefu ina raha yake, lakini ina baridi yake mwezi Julai.
- Kama ploti ya jirani bado ina nyumba ya chini, usinunue kwa sababu ya mandhari.

Lofti ni nini hasa?

Neno hili lina historia ya viwanda. Katika mtaa wa SoHo, New York, kulikuwa na majengo ya karne ya 19 yenye nguzo za chuma, madirisha makubwa na kumbi pana zisizo na kuta za ndani. Yalikuwa karakana na maghala.

Viwanda vilipoanza kuondoka katikati ya karne ya 20, wasanii waliingia. Walitaka nafasi kubwa, mwanga mwingi na kodi ndogo. Wengi waliishi humo kinyume cha sheria hadi mwaka 1971, jiji liliporuhusu wasanii kukaa SoHo. Mwaka 1982 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwalinda wapangaji wa lofti.

Baadaye matajiri wakaupenda mtindo huo, bei zikapaa, na wasanii wengi wakahama.

Nairobi mambo ni tofauti. Viwanda vya zamani viko Industrial Area, sio Kilimani. Kwa hivyo lofti inayotangazwa Kilimani kwa kawaida ni nyumba mpya iliyojengwa kuiga mtindo: sebule yenye dari ndefu, jikoni iliyo wazi, na sakafu ya kati inayotumika kama chumba cha kulala.

Hakuna ubaya hapo. Ila mnunuzi ajue kwamba neno "lofti" kwenye tangazo halimhakikishii ukubwa, ubora wala idadi ya vyumba. Ni neno la biashara.

Kwa nini Kilimani?

Zamani Kilimani ilikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye bustani kubwa, enzi za ukoloni hadi miaka mingi baada ya uhuru. Leo nyumba hizo zimebomolewa moja baada ya nyingine kupisha majengo ya ghorofa nyingi.

Kinachovuta watu ni ukaribu. Yaya Centre iko hapo hapo, Ngong Road inapita kando, na katikati ya jiji si mbali. Mwaka 2010 kituo cha teknolojia cha iHub kilifunguliwa kando ya Ngong Road, na vijana wa kompyuta wakaifanya sehemu hiyo kuwa kijiwe chao. Mikahawa, ofisi ndogo na nyumba za wageni wa muda mfupi zimejaa.

Hiyo ndiyo sababu mtaa unaitwa wa kishua. Hiyo pia ndiyo sababu kuna msongamano wa magari, kelele za mijengo na muziki wa usiku. Mnunuzi mwerevu hutembelea nyumba mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi, jioni watu wanaporudi, na Ijumaa usiku. Anayekwenda Jumapili mchana peke yake ataona mtaa uliolala.

Ukiingia ndani, angalia juu kisha chini

Dari ndefu inafanya nyumba ndogo ionekane kubwa. Hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu bei inahesabiwa kwa ukubwa wa sakafu.

Tuseme tangazo linasema futi za mraba 1,000, yaani kama mita za mraba 93, kwa Sh15 milioni. Hiyo ni Sh15,000 kwa kila futi. Lakini ukipima ukute sakafu halisi ni futi 850, na zile 150 zilizobaki ni roshani, kuta na sehemu ya ngazi. Sasa unalipa zaidi ya Sh17,600 kwa futi. Nyumba ni ile ile, bei imepanda kimya kimya.

Dawa yake ni kuuliza swali moja: "Ukubwa huu umeandikwa kwenye ramani iliyosajiliwa, au ni wa tangazo?" Na uliza kama sakafu ya kati imehesabiwa, na kama iko kwenye ramani iliyoidhinishwa na kaunti. Sakafu iliyoongezwa na fundi baadaye bila idhini ni shida inayosubiri mwenyewe.

Mengine ya kukagua:

- Urefu wa sakafu ya kati. Simama wima kitandani ghorofani. Kama kichwa kinagonga dari, utakuwa unainama kila asubuhi.
- Ngazi. Ngazi nyembamba isiyo na ukingo ni hatari kwa mtoto na kwa mzazi mzee anayekuja kutoka shambani.
- Joto na baridi. Hewa moto hupanda. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti baridi inauma. Kwenye lofti joto litakimbilia kitandani na sebule itabaki baridi. Januari na Februari mambo hugeuka, hasa kama kioo kinatazama machweo.
- Faragha. Chumba kisicho na ukuta kinasikia kila kitu: blenda, televisheni na simu za usiku. Kinafaa mtu mmoja au wawili. Familia yenye watoto ifikirie mara mbili.
- Kioo. Nani atakisafisha kwa nje, na nani atalipa kikivunjika?

Kisha toka kwenye roshani uangalie jirani. Kama kuna ploti yenye nyumba ya chini na miti, usiihesabu kuwa mandhari yako. Kilimani, ploti kama hiyo ndiyo huwa mjengo unaofuata, na ukuta wake unaweza kusimama mbele ya dirisha lako ulilolinunua kwa bei ya mwanga.

Maji, stima na lifti

Fungua mfereji, kisha uliza maji yanatoka wapi. Maji ya Nairobi mengi hutoka mabwawa ya mbali kama Ndakaini, na mgao ni jambo la kawaida. Majengo mengi hutegemea kisima chao na maboza yanayonunuliwa maji yakikatika.

Kisima kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Omba kukiona. Omba pia matokeo ya kipimo cha maji, kwa sababu maji ya chini ya ardhi ya Nairobi mara nyingi huwa na floridi nyingi, ambayo huharibu meno ya watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Kwa stima, uliza kama kila nyumba ina mita yake, na kama jenereta inawasha nyumba nzima au taa za kwenye korido na lifti tu. Kama nyumba iko ghorofa ya 14, lifti si anasa. Ongea na mlinzi au wapangaji, sio ajenti peke yake. Uliza lifti iliharibika lini mara ya mwisho na ilikaa siku ngapi.

Karatasi: hapa ndipo penye mchezo wote

Kwa miaka mingi, aliyenunua nyumba ya ghorofani Kenya hakupata hati ya nyumba yake. Alipewa mkataba wa upangaji wa muda mrefu, pamoja na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo. Hati mama ya ardhi ilibaki kwa mwenye mradi, au ilipaswa kuhamishiwa kampuni hiyo ya wakazi.

Pale ambapo haikuhamishwa, wanunuzi walikaa roho juu. Aliyeshika hati mama aliweza kuitumia kuombea mkopo, au kujaribu kuongeza ghorofa nyingine juu ya vichwa vyao.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Desemba 28, 2020, ilikuja kurekebisha hilo. Inafanya kazi hivi:

1. Mpima ardhi mwenye leseni huchora ramani inayogawa jengo katika nyumba, na maeneo ya pamoja kama ngazi, lifti, maegesho na bustani.
2. Ramani ikisajiliwa, rejista ya ile hati mama hufungwa na kila nyumba hufunguliwa rejista yake.
3. Mwenye nyumba hupata hati ya nyumba yake pamoja na fungu lake katika maeneo ya pamoja.
4. Wamiliki wote huwa wanachama wa shirika la wamiliki. Hilo ndilo linalosimamia jengo, kukusanya michango na kulikatia bima.

Majengo ya zamani yalipewa miaka miwili kubadilisha mikataba yao kuingia mfumo huu. Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji ni: "Nyumba hii ina hati yake?" Akijibu "hati inaandaliwa", basi wakili wako aone ushahidi wa hatua iliyofikiwa. Maneno ya mdomo hayasajiliwi.

Swali la pili ni la muda. Ardhi nyingi ya Nairobi ni ya kukodishwa na serikali, mara nyingi kwa miaka 99. Kama mkataba ulianza 1960, utaisha 2059. Sheria hii inataka ardhi ya kukodishwa iwe imebakiwa na angalau miaka 21 ndipo jengo ligawanywe. Benki nayo huangalia miaka iliyobaki kabla ya kutoa mkopo.

Ardhi iliyo chini ya mjengo

Upekuzi rasmi wa hati ni lazima. Kwa Nairobi hufanyika kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Upekuzi unaonyesha mwenye mali, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio lolote.

Lakini usiishie hapo. Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kuhusu ploti ya ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati na ilikuwa imenunua. Mahakama ilisema kwamba kama ardhi haikutolewa kihalali tangu mwanzo, aliyeinunua baadaye hawezi kujificha nyuma ya hati hiyo na kudai hakujua.

Kwa mnunuzi wa lofti, maana yake ni kwamba wakili afuatilie historia ya ile ploti hadi ilipotolewa mara ya kwanza. Ghorofa 20 zikisimama juu ya ardhi yenye kasoro, kasoro hiyo ni ya kila aliye ndani.

Karatasi nyingine za kuomba:

- Ramani za ujenzi zilizoidhinishwa na kaunti, na cheti cha kuruhusu watu kuhamia.
- Usajili wa mradi na mkandarasi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA).
- Stakabadhi kuonyesha hakuna deni la kodi ya ardhi kwa kaunti, wala kwa serikali kuu kama ardhi ni ya kukodishwa.
- Barua ya shirika la wamiliki kwamba muuzaji hana deni la ada ya huduma.
- Idhini ya mume au mke wa muuzaji kama ni nyumba ya ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mmoja kuiuza kisirisiri.

Hesabu ambayo tangazo haliandiki

Turudi kwenye ile lofti ya Sh15 milioni. Hesabu hii ni mfano tu wa kuonyesha jinsi pesa zinavyotembea.

- Malipo ya kwanza, ambayo kwa desturi ni asilimia 10: Sh1.5 milioni.
- Salio, kwa kawaida ndani ya siku 90 baada ya kutia saini: Sh13.5 milioni.
- Ushuru wa stempu, asilimia 4: Sh600,000.
- Ada ya wakili kwa viwango vilivyowekwa kisheria, na VAT ya asilimia 16 juu ya ada hiyo.

Ushuru wa stempu huhesabiwa baada ya mthamini wa serikali kuipima mali, kwa hivyo kuandika bei ya chini kwenye mkataba si ujanja. Msamaha kwa wanaonunua nyumba mara ya kwanza unahusu mpango wa nyumba za bei nafuu, sio lofti ya Kilimani. Muuzaji naye hulipa kodi ya asilimia 15 ya faida aliyopata kwa kuuza mali. Huo ni mzigo wake, asikurushie.

Halafu kuna ada ya huduma. Tuseme ni Sh12,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh144,000, na kwa miaka 10 ni Sh1.44 milioni hata kama haitapanda.

Anayenunua ili apangishe afanye hesabu hii kwanza. Kodi ya Sh80,000 kwa mwezi ni Sh960,000 kwa mwaka. Kodi ya serikali kwa mapato ya nyumba za kupangisha ni asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kutoa gharama, yaani Sh72,000. Ondoa na ada ya huduma. Kinachobaki ni Sh744,000, chini ya asilimia 5 ya pesa uliyoweka, kabla ya rangi, matengenezo na miezi ambayo nyumba iko wazi.

Na kama mpango ni wageni wa muda mfupi, soma kanuni za jengo kwanza. Shirika la wamiliki linaweza kuwa limeweka masharti.

Haijajengwa bado?

Lofti nyingi huuzwa zikiwa bado michoro. Bei huwa chini na malipo ni kwa awamu, lakini unanunua ahadi. Mambo ya kuweka kwenye mkataba ni tarehe ya kukabidhiwa, fidia ya kuchelewa, na awamu kufungwa na hatua za ujenzi: msingi ukiisha unalipa kiasi hiki, paa likiisha kiasi kile. Anayedai asilimia 80 kabla ya msingi anatumia pesa yako kama mkopo usio na riba.

Uliza pia kama ardhi imewekwa rehani kwa benki ya kufadhili mradi. Ikiwa ndiyo, benki hiyo itoe kwa maandishi kwamba itaiachilia nyumba yako ukimaliza kulipa.

Walio ughaibuni

Wakenya wanaofanya kazi nje ni wateja wakubwa wa matangazo haya, na ndio rahisi kutapeliwa kwa sababu hununua kwa video. Mtu wa kukagua nyumba asiwe yule yule anayelipwa kamisheni. Pesa ipitie akaunti ya wakili, sio M-Pesa ya binamu.

Chama cha Mawakili Kenya (LSK) kina orodha mtandaoni ya mawakili wenye kibali cha mwaka husika, na maajenti wa mali wanapaswa kuwa wamesajiliwa na bodi yao, EARB. Dakika tano za kutafuta jina zinatosha.

Wasio raia wa Kenya wanaweza kununua, lakini Ibara ya 65 ya Katiba inawapa umiliki wa kukodisha tu, usiozidi miaka 99.

Maswali 8 ya kwenda nayo

1. Nyumba ina hati yake au ni mkataba wa upangaji?
2. Imebaki miaka mingapi kwenye ardhi?
3. Ukubwa kwenye ramani iliyosajiliwa ni futi ngapi?
4. Sakafu ya kati imeidhinishwa?
5. Maji yanatoka wapi, na kipimo kinasemaje?
6. Ada ya huduma ni ngapi, na ilipanda lini?
7. Maegesho yameandikwa kwenye hati au ni "tutakupatia"?
8. Kwa nini muuzaji anauza?

Muuzaji wa kweli hujibu haya bila kukasirika, na huonyesha karatasi. Anayesema "kuna mteja mwingine anakuja saa kumi, tuma deposit sasa" mwache amuuzie huyo wa saa kumi. Lofti nyingine itatangazwa kesho, na pengine ina hati.